Mtoto Mmoja Si Orodha

Niseme mapema, mtu asije akanisingizia upole: mimi ni mkali. Nimezaliwa Tanga, nikapangiwa kazi Kibondo, na mpaka leo ofisini wakisikia viatu vyangu kwenye korido wanafunga michezo kwenye simu zao. Kazi yangu ni takwimu za afya. Wahudumu wa afya wa vijijini, wengi wao akina mama wakulima, hupita nyumba kwa nyumba na simu za mradi wakiuliza nani mjamzito, nani anakohoa, mtoto gani hajachanjwa. Majibu yanakuja kwangu, nayasafisha, nayapeleka mbele. Nikikuta uchafu kwenye data roho inanichafuka, kama vile nimekuta nywele kwenye wali.

Kila nyumba ilikuja kama faili moja la XML. Kwa asiyejua, XML ni namna ya kuandika taarifa ambayo kila kitu kina alama ya kufungulia na alama ya kufungia. Mtoto anaanza, jina linaanza, jina lenyewe, jina linaisha, umri unaanza, umri unaisha, mtoto anaisha. Maneno mengi kama mshenga wa kwetu, hawezi kusema tumekuja kuposa mpaka ataje ukoo mzima. Huku milimani mvua ikikaza mtandao unalegea, na mafaili yale mazito yalikuwa yanakwama njiani, mhudumu wa watu anapanda kilima na simu juu ya kichwa akitafuta mnara.

Mpinzani wake anaitwa JSON. Huyo hana mbwembwe: mabano, koma, kazi imekwisha. Taarifa ileile, maneno nusu yake.

Makao makuu tulikuwa na fundi wa mifumo, dada mmoja mchangamfu, mdogo kwangu kwa umri, aliyeniita dada mkubwa hata pale alipokuwa ananifundisha. Tulibishana kwenye simu karibu kila asubuhi, na nakiri niliyapenda mabishano yale kuliko chai.

"Dada mkubwa, XML ishakufa. Imebaki kuzikwa tu."

"Marehemu gani huyo anayejaza seva zenu?"

"Ni mali ya urithi. Programu zote za sasa, simu, tovuti, zinaongea JSON. Mtoto wa chuo leo ukimwonyesha XML anakimbia."

"Na akiandika barua ya kuomba kazi kwenye Word? Hebu afungue hilo faili matumbo yake aone. XML tupu!"

Hapo alicheka. Mimi nilimwambia XML ina jambo moja la maana, inakubali kukaguliwa: unaiwekea sheria nani awemo, nani asiwemo, na ikikosewa inapiga kelele. Yeye akasema hata JSON siku hizi inawekewa sheria, ni watu tu wavivu kuziweka. Tukakubaliana kwamba wote wawili watazikwa na mkurugenzi, maana yeye kila ripoti anasema nileteeni kwenye Excel.

Mwisho nilisalimu amri. Ukweli ni kwamba nilichoka kumwona mhudumu analowa mvua kwa ajili ya alama za kufungia. Fundi akatengeneza mfumo mpya unaosoma JSON, akanitumia na programu ya kugeuza mafaili ya zamani. Simu za wahudumu, zikingoja zamu yao ya kubadilishwa, ziliendelea kuandika XML, mimi nayasafisha, programu inayageuza, mfumo unapokea. Kwa mara ya kwanza nilimaliza kazi ya wiki kabla ya Ijumaa. Nikatamba ofisini, nikasema kweli kipya kinyemi.

Sasa kuna mhudumu mmoja wa Busunzu alikuwa ananinyima raha. Mama wa makamo, mkulima wa maharage, mchapakazi kuliko wote, hana nyumba anayoiruka. Lakini mafaili yake yalikuwa na watoto hewa. Kila nyumba yenye mtoto mmoja, yeye alikuwa anafungua sehemu ya mtoto wa pili na kuiacha tupu. Hakuna jina, hakuna umri, hakuna chochote. Nyumba zenye watoto watatu, wanne, hakufanya hivyo. Nikampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwidiwe?" akanijulia hali kwa Kiha.

"Salama tu. Mama, hivi hawa watoto wasio na majina unawatoa wapi?"

"Ni wadogo zao."

"Wadogo zao wako wapi?"

"Hawajaja."

Niliangua kicheko, kisha nikakumbuka kwamba nimekasirika. "Mama, unaniandikia watoto ambao hawajazaliwa?"

"Siwaandiki, nawaachia nafasi. Mtu kajaliwa mmoja, mimi nimekaa kwenye mkeka wake, ananitazama. Niandike mmoja nifunge? Si nimemfungia? Mama yangu alinifunza, mwenye mmoja usimfungie mlango."

"Mama, hiyo ni data, si dua."

"Sawa, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma." Alisema kwa sauti ile ambayo mtu akikuambia umesoma, ujue umetukanwa kwa adabu.

Akaendelea vilevile. Nami nikaona sina haja ya kugombana na mtu mzima, nikaandika amri fupi kwenye kompyuta: mtoto asiye na jina wala umri afutwe kabla faili halijageuzwa. Ilikuwa mistari michache. Mafaili ya Busunzu yakawa safi kama sahani.

Miezi kadhaa baadaye tukapata habari kwamba madaktari bingwa wanakuja kwenye hospitali moja mjini Kasulu, siku tatu, kuwashona watoto waliozaliwa na mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka. Bure. Kwenye fomu za wahudumu swali hilo lilikuwepo tangu zamani, kwa hiyo mfumo mpya ukaombwa utoe orodha wenyewe, na wahudumu wakawapigia wazazi wajiandae. Nikatumwa Kasulu na kompyuta yangu, nikae mapokezi karibu na muuguzi, tuhakiki majina. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri mpaka nikaanza kuwaonea huruma watu wanaofanya kazi kwa daftari.

Siku ya tatu, ya mwisho, asubuhi yenye baridi na ukungu bado umekaa kwenye migomba, akaja mama mmoja mwembamba na mtoto wa kiume mgongoni, umri wa miaka mitatu hivi. Mtoto alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge cha mama yake. Hakuna aliyemwambia ajifunike. Alikuwa ameshajifunza.

Muuguzi akatafuta jina, hakuliona. Akamleta kwangu. Nikatafuta kwenye orodha kwa jina la mama, kwa jina la mtoto, kwa kijiji, wapi. Nikaingia ndani zaidi, kwenye nyumba zote za Busunzu, nikamwona mama. Jina lake lipo, nyumba ya tofali mbichi, maji ya kisima, choo kipo. Watoto: hakuna.

Nikageuza kioo cha kompyuta kumwonyesha. "Mama, hapa inaonyesha huna mtoto."

Akanitazama. Akaangalia kioo, akanitazama tena. "Na huyu ni nani?"

"Labda wa dada yako? Wa jirani?"

Naandika maneno haya na uso unaniwaka. Nilimwambia hivyo mbele za watu, mtoto yuko mgongoni kwake. Hakunijibu kwa hasira. Alimshusha mtoto, akafungua mkoba, akaanza kupanga karatasi juu ya meza yangu moja moja: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha kura, na mwisho, kutoka kwenye mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, cheti chake cha uraia. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi kabla hajazaliwa. Mimi wala sikuelewa kwa nini ananiletea cheti cha uraia kwa habari ya mdomo wa mtoto. Nilidhani amechanganyikiwa.

"Mama, hizi hazihusiki. Kama humo kwenye orodha, humo. Kaa pale pembeni kwanza."

Akakaa pembeni. Mtoto akaanza kulia njaa, kile kilio cha kujivuta kinachokwenda na kurudi. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Akina mama waliokuwa kwenye benchi wakamwambia ampe kitu, mbona anamtesa. Mlinzi naye akasema. Mwisho nami nikashindwa, nikaenda nje nikanunua maandazi mawili na chai ya maziwa, nikamletea.

"Mpe mtoto ale."

"Hapana, dada. Ameambiwa asile mpaka ashonwe."

"Lakini humo kwenye orodha, mama! Leo hashonwi. Mpe ale!"

"Ego, ndiyo, nimesikia," akasema taratibu. "Lakini ameambiwa asile." Akasukuma sahani kwa upande wa mkono, kwa heshima, na mtoto anainyooshea vidole huku analia. Na yeye machozi yanamtoka. Nikamwona mbishi, roho ngumu. Nikaondoka na maandazi yangu nikimlaani mhudumu wa Busunzu aliyempa mtu matumaini ya bure, na nikampigia simu nikiwa nimeshapandisha hasira.

"Mama, umeniletea mtu hapa Kasulu hayumo kwenye orodha. Mfumo unasema hana mtoto kabisa!"

"Hana mtoto? Nimemwandika mimi mwenyewe! Nilikaa kwenye mkeka wake. Mtoto wa kiume, mdomo. Wala sikungoja orodha, ndiye niliyemwendea kwanza kumwambia aje." Kisha akaongeza, kama mtu anayeungama, "Tena nilimwachia nafasi. Najua ulinikataza."

Hapo ndipo kitu kikanigonga. Mimi situpi faili. Asili zote za XML ninazo kwenye kompyuta, jinsi zilivyotoka kwenye simu. Nikafungua la nyumba ile. Mtoto anaanza, jina lipo, umri upo, mdomo: ndiyo, mtoto anaisha. Mtoto anaanza, hamna kitu, mtoto anaisha. Nikafungua lililosafishwa: mtoto mmoja, peke yake. Nikafungua lililogeuzwa kuwa JSON, nikausoma mstari wa watoto mara mbili.

Nitaeleza, na si kitu kigumu. XML haijali una watoto wangapi. Mmoja, saba, kila mmoja anaingia kwa mlango uleule. JSON inataka uamue: hiki ni kitu kimoja, au ni orodha ya vitu? Programu ya kugeuza ikikuta watoto wawili ilikuwa inaandika orodha. Ikikuta mmoja, inaandika kitu kimoja, bila orodha. Na mfumo mpya ulifundishwa kusoma orodha tu. Ukikuta kisicho orodha, unaandika hakuna mtoto na kuendelea na safari, kimya, bila kupiga hata chafya.

Kwa hiyo kila nyumba yenye mtoto mmoja ilikuwa inapoteza mtoto wake. Kila nyumba isipokuwa zile za Busunzu, kwa sababu kule mtoto aliyekuwepo alikuwa ameshikwa mkono na mdogo wake asiyekuwepo. Wawili, orodha, salama. Mpaka mimi nilipokuja na usafi wangu.

Nilimpigia fundi. Nikamweleza.

"Aa, hiyo ya mmoja na wengi," akasema. "Hiyo inajulikana."

"Inajulikana na nani?" Nilipaza sauti mpaka muuguzi akasimama. "Na nani, mwenzangu? Maana mimi nimeijua sasa hivi, na mtoto analia mbele yangu!"

"Nisamehe, dada mkubwa," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya utani. "Niliisoma chuoni. Sikuwahi kufikiri ina sura." Ndani ya saa moja alikuwa ameshairekebisha, na tulipopitia upya tukaona katika nyumba zile zote yenye mtoto wa kushonwa ilikuwa moja tu, hii iliyokaa pembeni. Ndiyo ahueni pekee niliyoipata siku ile.

Watu wakiniuliza leo kati ya XML na JSON nani ana kesho, huwa nawakatisha tamaa. JSON itashika barabara yote, hilo halina mjadala. Nyepesi, na dunia ina haraka. XML itabaki kwenye kabati, kwenye fomu na nyaraka, mahali ambapo mtu anataka kujua kila kitu kilianzia wapi na kiliishia wapi. Lakini siku ile hakuna aliyekosa kati yao. Kila mmoja alifanya kama alivyoumbwa. Waliokosa ni sisi tuliokaa katikati tukigeuza, na mimi nikiwa wa kwanza.

Nikaenda kwa daktari mkuu wa kambi nikiwa na kompyuta mkononi kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikamwambia yote. Alikuwa mtu mchovu, macho mekundu. Akaniambia orodha imefungwa, ila kuna mtoto mmoja wa mchana ameamka na homa na kikohozi, hawezi kupewa dawa ya usingizi, nafasi yake iko wazi.

"Amekula?" akauliza.

Wallahi, nilisimama pale nikaona yale maandazi mawili. Nikaona mkono wangu unayanyoosha.

"Hajala, daktari. Tangu jana jioni."

"Una hakika? Akiwa amekula siwezi, ni hatari."

"Nina hakika. Mimi mwenyewe nimejaribu kumlisha, mama yake amekataa."

"Mleteni apimwe."

Alipimwa uzito, akapimwa damu, akaingia. Mama na mimi tukakaa nje kwenye ngazi za saruji. Akaanza yeye.

"Dada, nikuulize. Ni kwa sababu ya kwetu?"

"Kwenu wapi?"

"Wazazi wangu. Kule walikotoka." Akauweka mkoba vizuri mapajani. "Nikikosekana kwenye orodha, huwa ni hilo. Shuleni, mbegu za ruzuku, wakati wa kitambulisho. Ndiyo maana natembea na vyote."

Ndipo nikaelewa zile karatasi alizonipangia mezani. Nilimshika mkono, nikamwambia hapana, wala hapana, mama. Wala hakuna aliyeangalia ulikotoka. Nikamweleza kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza: mhudumu alikuandika vizuri, mtoto wako alikuwemo, mimi nikafuta kitu nilichoona hakina maana, na kompyuta ikawa haiwezi kumwona mtoto aliye peke yake. Kosa ni langu. Nikamwomba radhi, nikalia, na siyo kwa adabu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunibembeleza wala hakunilaumu. Akafikiri.

"Niandikie," akasema.

"Nikuandikie nini?"

"Hayo uliyosema. Kwamba halikuwa kosa langu, wala la kwetu. Uweke na sahihi."

Nikachana karatasi kwenye daftari la muuguzi, nikaandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa za kusomeka. Kwamba mama huyu wa Busunzu aliandikishwa kihalali, kwamba alikuwemo kwenye orodha tangu mwanzo, kwamba aliondolewa kwa kosa la mtunza takwimu, si lake. Nikatia sahihi, nikaomba na mhuri wa mapokezi. Nikampa.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Alipofika chini akarudi juu, akasoma tena. Kisha akanirudishia pamoja na kalamu.

"Mtoto," akasema. "Mbona hayumo?"